Mgeni wa Kazi na Mrithi Wake

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji aondoke kitini. Wala hawakusema mgeni ondoka, mwenyeji atajua mwenyewe la kufanya. Ndani ya usemi huo mfupi limo swali ambalo nchi za Afrika Mashariki na ya Kati zimekuwa zikilijibu kwa zaidi ya miaka 100, mara kwa busara na mara kwa hasira. Mtaalamu wa kigeni aletwe kwa sharti gani, akae kwa muda gani, na siku ya kuondoka amwache nani mahali pake?

Swali hilo limerudi tena kwa nguvu. Katika miji ya Nairobi, Kampala, Lusaka na Dar es Salaam, vijana waliohitimu masomo ya kompyuta, umeme na uhandisi wanauliza ni kwa nini kampuni za simu, za ujenzi na za reli zinaomba vibali vya kazi kwa ajili ya watu wa nje, hali wao wenyeji wanazunguka na vyeti vyao mifukoni. Waajiri nao wanajibu kwamba cheti ni kitu kimoja na ujuzi wa mtambo ni kitu kingine. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya iliwataka wageni wote wenye vibali vya kazi wajitokeze kuhakikiwa katika muda wa siku 60. Mwezi Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ikiwamo kazi ya kutengeneza simu, na malalamiko yakasikika mara moja kutoka Kenya.

Amri za namna hiyo hutiwa saini maofisini, lakini utekelezaji wake huangukia mikononi mwa askari: askari wa mpakani, wa kiwanja cha ndege, na wa doria anayemsimamisha mgeni na kumwomba karatasi zake. Kwa hiyo inafaa askari huyo aijue historia ya karatasi hiyo anayoishika mkononi, maana historia hiyo imewahi kuwagusa askari wenyewe kwa namna kali kupita walivyoguswa watumishi wengine wote.

Habari yenyewe inaanzia Mombasa mwaka 1896. Wakoloni wa Kiingereza walipoanza kujenga reli ya kwenda Uganda, hawakutaka kungoja mpaka wenyeji wafundishwe. Waliagiza watu kutoka Bara Hindi, kwa mikataba ya miaka michache, wapatao 32,000 kwa jumla. Wengi wao walikuwa vibarua, lakini walikuwamo pia waashi, maseremala, wahunzi, mafundi wa mitambo na makarani. Reli ilifika ukingoni mwa Ziwa Victoria, mahali panapoitwa leo Kisumu, mwezi Desemba 1901. Watu wapatao 2,500 kati ya wafanyakazi hao walikufa kwa maradhi na ajali, na karibu 6,700 walibaki baada ya mikataba yao kwisha.

Waliobaki ndio waliokuja kushika karakana za reli, maduka ya useremala na gereji za miji yote mikubwa. Utawala wa kikoloni ukajenga juu yao ngazi ya rangi: Mzungu juu akiwa bwana mkubwa, Mhindi katikati akiwa fundi na karani, Mwafrika chini akiwa kibarua. Mishahara ilipangwa kwa ngazi hiyo hiyo hata pale ambapo kazi ilikuwa moja. Hapo ndipo chuki ilipopandwa, na waliovuna faida yake ni wale waliokuwa kileleni, waliotazama makabwela wa rangi mbili wakigombania ngazi ya pili.

Hata hivyo haikuwa kweli kwamba kila mgeni alikuwa adui wa mwenyeji. Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913 na kuletwa Kenya mwaka 1927, kumfuata baba yake aliyekuwa fundi wa reli. Ni yeye aliyekifungua chama chake cha wafanyakazi kwa watu wa rangi zote katikati ya miaka ya 1930, na mwaka 1949 akashirikiana na Fred Kubai kuunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki. Mwezi Aprili 1950 alitamka hadharani kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru mara moja. Mwezi uliofuata alikamatwa, na hakuachiwa mpaka Oktoba 1961. Mwana wa fundi aliyeingizwa nchini kwa ajili ya kazi ya Waingereza alikaa kizuizini zaidi ya miaka 11 kwa sababu ya kuwatetea wafanyakazi wa nchi iliyompokea.

Tena liko jambo jingine ambalo halikuandikwa katika mkataba wowote. Mtafiti Kenneth King, katika kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya mafundi wa Kiafrika wa Kenya, alionyesha kwamba wengi wa mafundi waliokuja kujulikana kwa jina la jua kali walijifunza kazi wakiwa wanagenzi au vibarua katika karakana za Wahindi. Walishika nyundo upande wa pili wa chuma kile kile, wakatazama, wakaiga, kisha wakatoka kwenda kujitegemea chini ya mti. Hakuna waziri aliyepanga mafunzo hayo. Yalifanyika kwa kuwa watu wawili walifanya kazi mahali pamoja kwa muda wa kutosha.

Baada ya uhuru, chombo cha kwanza cha dola kutikiswa na suala la wataalamu wa kigeni kilikuwa jeshi. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo inaitwa Lugalo. Tarehe 23 waliasi askari wa Uganda katika kambi ya Jinja, na tarehe 24 ikafuata kambi ya Lanet, karibu na Nakuru nchini Kenya. Madai yao yalifanana: mishahara iongezwe, na maofisa wa Kiingereza wawapishe Waafrika. Bendera zilikwisha badilishwa, lakini wenye nyota mabegani walikuwa bado ni wale wale. Maasi yalikuwa kosa kubwa ambalo hakuna jeshi lenye nidhamu liwezalo kulihalalisha, na nchi zote tatu zilipata aibu ya kuyaomba majeshi ya Uingereza yaje kuyazima. Lakini dai la pili, la kutaka wenyeji waongoze jeshi lao, lilikuwa dai la kweli, na kila nchi ililijibu kwa njia yake.

Uganda ilikubali kuongeza mishahara kwa kiwango kikubwa, na maofisa wa kigeni wakaondolewa upesi. Nafasi zao zikajazwa na watu waliopandishwa vyeo mbio mbio, na mmojawapo alikuwa Idi Amin, aliyekabidhiwa kikosi cha kwanza mwaka ule ule wa 1964 na kuwa mkuu wa jeshi mwaka 1966. Mwezi Januari 1971 aliipindua Serikali. Kenya iliwafikisha waasi mbele ya mahakama ya kijeshi, ikaendelea kuwatumia wakufunzi wa Kiingereza chini ya mapatano maalumu, na kuwapandisha maofisa wake hatua kwa hatua. Brigadia Joseph Ndolo alikuwa Mkenya wa kwanza kuliongoza jeshi la nchi kavu, mwezi Desemba 1966.

Tanzania ililivunja jeshi lote la zamani na kuanza upya. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964, likiongozwa na kijana mzalendo, Mirisho Sarakikya. Lakini wataalamu wa kigeni hawakufukuzwa wote. Wakufunzi kutoka Canada walikuja mwaka 1965 kwa mapatano yenye mwisho, wakafundisha, na mwaka 1970 wakaondoka. Kabla hawajaondoka, chuo cha kuwafundisha maofisa kilikuwa kimekwisha funguliwa Kurasini mwaka 1969, chuo ambacho mwaka 1976 kilihamia Monduli. Hapo mgeni alikuwa na tarehe ya kuja na tarehe ya kuondoka, na kati ya tarehe hizo mbili mwenyeji alikuwa darasani.

Tofauti iliyoonekana jeshini ilionekana baadaye katika viwanda, migodi na karakana za nchi jirani. Kenya ilianza na sheria. Katiba ya uhuru iliwapa watu wenye asili ya nje muda wa miaka miwili, hadi Desemba 1965, kuomba uraia. Wengi hawakuomba. Ndipo ikatungwa Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1967, iliyoanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo. Kila asiye raia, hata kama alizaliwa Nairobi na hajapata kuiona India wala Uingereza, alitakiwa kuwa na kibali ili afanye kazi, na kibali hicho kilikuwa cha muda tu. Mwajiri naye alitakiwa aonyeshe kwamba hakuna raia anayeweza kuifanya kazi hiyo.

Matokeo yalikuja haraka. Mwanzoni mwa mwaka 1968 maelfu ya Wahindi wenye hati za Uingereza walikimbilia London, na Bunge la Uingereza likapitisha kwa siku chache sheria ya kuwafungia mlango, iliyoanza tarehe 1 Machi 1968. Watu wale wale ambao dola hiyo iliwaleta Afrika kujenga reli yake, wao na watoto wao, sasa iliwakataa mlangoni ingawa walishika hati zake.

Je, kazi ziliwafikia wananchi? Zilifika, lakini kwa mwendo usiolingana. Kazi za ukarani na za dukani zilishikwa na Wakenya upesi. Kazi za uhandisi na za mitambo mikubwa zilichukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa kibali kinaweza kumzuia mgeni kwa siku moja, lakini mhandisi hapatikani kwa siku moja. Serikali ya Kenya ililitambua jambo hilo. Mwaka 1971 sheria ya mafunzo ya viwandani ilirekebishwa ili waajiri wachangie fedha za kuwafundisha wanagenzi. Miaka hiyo hiyo wananchi wa wilaya mbalimbali walichanga kwa moyo wa harambee kujenga vyuo vyao vya ufundi. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulitoa taarifa yake juu ya ajira nchini Kenya, ukasema kwamba mafundi wadogo wa mitaani, ambao maofisa waliwaona kama kero ya kufukuzwa na polisi, walikuwa sehemu hai ya uchumi wa nchi. Taarifa hiyo iliwaamsha wengi, maana ilionyesha kwamba ujuzi uliokuwa ukitafutwa nje ulikuwa umeanza kuota mtaani, tena bila kibali.

Uganda ilifuata njia nyingine. Mwaka 1970 Serikali ya Milton Obote iliamua kuwaachisha wafanyakazi wasio na ujuzi maalumu ambao hawakuwa raia, na waliopata pigo zaidi walikuwa Waafrika wenzao kutoka Kenya. Kisha tarehe 4 Agosti 1972, akizungumza na askari katika kambi ya Tororo, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini katika muda wa siku 90. Maneno yalibadilishwa mara kwa mara kuhusu nani angeruhusiwa kubaki, na hata waliokuwa raia halali waliulizwa karatasi zao upya na wengi wakanyang'anywa haki hiyo. Kufikia mwezi Novemba makumi ya maelfu walikuwa wameondoka, na zaidi ya 27,000 kati yao walikwenda Uingereza.

Pamoja na wenye maduka waliondoka madaktari, walimu, wahasibu, wahandisi, mafundi wa mashine za pamba na wapishi wa sukari viwandani. Viwanda, maduka na nyumba vikagawiwa na kamati ambazo ndani yake askari walikuwa na sauti kubwa. Watu waliopewa mali hizo kwa ghafla waliitwa na wananchi wa Uganda mafuta mingi. Baadhi yao hawakujua bei ya bidhaa iliyokuwa rafuni, sembuse namna ya kuagiza kipuri cha mashine. Rafu zikawa tupu, mashine zikasimama moja baada ya nyingine, na sukari, ambayo Uganda ilikuwa ikiitengeneza kwa wingi Kakira na Lugazi, ikawa kitu cha magendo. Wanajeshi wa Tanzania walioingia Kampala mwezi Aprili 1979 waliikuta nchi yenye ardhi ya rutuba na watu hodari, lakini ambayo viwanda vyake vilikuwa magofu.

Ilichukua miaka mingi kuurekebisha uharibifu huo. Mwaka 1982 Uganda ilitunga sheria ya kuwarudishia wenyewe mali zilizotaifishwa, na mwaka 1985 familia ya Madhvani ilirudi Kakira kukifufua kiwanda cha sukari. Askari na achukue funzo lake hapo. Bunduki iliweza kumwondoa mpishi wa sukari kwa siku 90. Haikuweza kumfundisha mtu mwingine kupika sukari hata kwa miaka saba. Wala si Waasia pekee waliopata hasara. Kibarua wa Kiganda na wa Kisoga aliyekuwa akipata ujira wake katika mashamba ya miwa aliipoteza kazi pamoja na wale aliodhani wanaondoka ili yeye apate.

Kusini, nchini Zambia, hila ilikuwa ya namna nyingine, na ilifanywa kimya kimya. Katika migodi ya shaba ya Northern Rhodesia, chama cha wachimba migodi wa Kizungu kilichoanzishwa mwaka 1936 kilizilinda kazi zote za ufundi zisishikwe na Waafrika. Waafrika waligoma mwaka 1935 na tena mwaka 1940, na mara zote mbili risasi zilitumika. Katika mgomo wa mwaka 1940 huko Nkana waliuawa watu 17. Mwaka 1955 zilifunguliwa kwao kazi chache tu za ngazi ya chini ya ufundi. Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, nchi nzima ilikuwa na wananchi wapatao 100 tu wenye shahada za chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Zambia kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1966.

Serikali mpya iliyataka makampuni ya migodi yawape Wazambia vyeo, na makampuni yakaitikia kwa unyenyekevu. Hesabu zilizopelekwa Lusaka zilipendeza macho: kila mwaka vyeo vingi zaidi vilikuwa mikononi mwa wenyeji. Lakini mtafiti Michael Burawoy, aliyefanya kazi migodini siku zile na kuyaandika aliyoyaona mwaka 1972, aliuona mchezo uliokuwa nyuma ya hesabu. Mzambia alipokabidhiwa usimamizi wa zamu, cheo kipya kiliundwa juu yake, akapewa Mzungu aliyekuwa akiishika kazi ile zamani, na mamlaka yakapanda pamoja na huyo Mzungu. Mzambia alibaki na jina la kazi na lawama zake. Uamuzi ulibaki kwa mgeni. Wachimbaji wenzake wakamdharau, wakisema hana nguvu kama aliyemtangulia, bila kujua kwamba nguvu hizo zilikwisha nyofolewa kabla hajakikalia kiti.

Katika kipindi kile kile Zambia na Tanzania zilishirikiana kujenga reli ya Uhuru, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa rasmi mwezi Julai 1976. Maelfu ya mafundi na wahandisi wa Kichina walikuja, wakalala katika mahema na mabanda, wakafanya kazi bega kwa bega na vijana wa nchi hizi mbili. Mwaka 1972 wanafunzi wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli, wakarudi kabla ya makabidhiano. Wachina wengi waliondoka kazi ilipokwisha, kama ilivyokuwa katika mapatano. Walio wengi kati ya waliokuja kuendesha treni, kutunza njia na kushika ishara tangu wakati huo wamekuwa wananchi.

Hata hapo, ukweli usemwe wote. Kujua kuendesha kichwa cha treni si sawa na kujua kuendesha shirika la reli, na ujuzi wa pili haukuwa umekomaa wakati wageni walipopunguzwa. Miaka ya 1980 reli hiyo ilipozongwa na uchakavu wa vichwa vya treni na matatizo ya uongozi, wataalamu wa Kichina walialikwa tena kushiriki katika usimamizi. Hakukuwa na aibu katika kuwaalika. Aibu ingekuwa kuiacha reli ife kwa sababu ya kiburi.

Kisha kuna habari ya majirani kwa majirani. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwezi Desemba 1967, iliunganisha reli, bandari, posta na ndege za Kenya, Uganda na Tanzania. Fundi wa Moshi aliweza kuajiriwa Nairobi, na wa Kisumu akaajiriwa Dar es Salaam. Lakini karakana kubwa na ofisi za uhandisi za ndege zilikaa zaidi Nairobi, na ujuzi ukakaa huko huko pamoja nazo. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilijikuta inaunda shirika lake la ndege mwezi Machi mwaka huo ikiwa na mafundi wachache na vifaa vichache kuliko ilivyostahili. Ndiyo sababu Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya mpya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, iliifungua milango ya ajira kwa hatua, na Tanzania ilitaja aina za wataalamu ambao ingewapokea badala ya kuufungua mlango wote kwa mara moja. Wengine huiita hadhari hiyo uchoyo. Aliyeyaona ya mwaka 1977 ataelewa ilikotoka, ingawa ataelewa vilevile kwamba Mganda au Mkenya mwenye ujuzi si mtu wa kuogopwa.

Ndugu wasikilizaji, isidhaniwe kwamba jambo hili ni la nchi changa tu. Marekani, yenye kampuni kubwa kuliko zote za kompyuta, inasumbuliwa nalo hadi leo. Sheria yao ya mwaka 1990 ilianzisha viza ya wataalamu inayoitwa H-1B. Kila mwaka huruhusiwa viza mpya 65,000, na nyingine 20,000 kwa wenye shahada za juu za vyuo vya huko. Wanaoiunga mkono husema kwamba imewaletea wavumbuzi na waanzilishi wa makampuni. Wanaoipinga hutaja habari zilizotangazwa mwaka 2015, za wafanyakazi wa kompyuta wa Kimarekani walioagizwa wawafundishe kazi wageni wa bei nafuu, na baada ya kuwafundisha wakaachishwa wao. Mwezi Septemba 2025 Rais Donald Trump alitia saini tangazo la kutoza dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza hiyo.

Mfano huo una maana kubwa kwetu, kwa sababu ni kinyume kabisa cha kile ambacho kibali kilikusudiwa kufanya. Mgeni wa kazi huitwa kwa kuwa anajua jambo ambalo mwenyeji hajalijua bado. Kama mwenyeji ndiye anayemfundisha mgeni, basi upungufu wa ujuzi haukuwapo. Uliokuwapo ni upungufu wa mshahara ambao tajiri alitaka kuulipa. Serikali yoyote inayotoa vibali inaweza kulitumia jambo hilo kama kipimo: katika karakana hii, nani anamfundisha nani?

Kipimo hicho kimeanza kuingia katika sheria za kanda yetu. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wageni inamtaka mwajiri awe na mpango wa kuurithisha ujuzi kwa raia. Sheria hiyo ilipotungwa, kibali kilitolewa kwa miezi 24, na kikiongezwa jumla yake haikupaswa kupita miaka mitano. Nchini Kenya, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilipofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, iliendeshwa kwanza na kampuni ya Kichina, na tangu mwaka 2021 shirika la reli la Kenya limekuwa likizichukua kazi hizo hatua kwa hatua. Maneno ya sheria ni mazuri. Lakini hila ya migodi ya Zambia inatukumbusha kwamba mrithi anaweza kuandikwa jina lake katika fomu, akapewa meza na kiti, na kwa miaka mitano asiguse hata swichi ya mtambo. Mkaguzi atakayesoma fomu na kuondoka atakuwa ameipokea hesabu ile ile iliyopelekwa Lusaka. Mkaguzi atakayemwomba mrithi auwashe mtambo mbele yake, na kuuzima, na kueleza kasoro zake, ndiye atakayejua kama sheria imefanya kazi.

Wajibu wa vyombo vya ulinzi na usalama katika jambo hili ni wa namna mbili, na mmoja hauondoi mwingine. Kwanza, kibali cha uongo kisipite. Mgeni asiye na ujuzi anayeingia kwa karatasi ya kununua anaiba mara mbili: anaiba nafasi ya fundi sanifu wa nchi, na anaiba mafunzo ambayo mgeni wa kweli angeyatoa. Askari au ofisa anayepokea fedha ili afumbe macho ni mshirika katika wizi huo, na waathiriwa wake ni pamoja na watoto wake mwenyewe walio vyuoni.

Pili, mgeni mwenye kibali halali asibughudhiwe. Yaliyotokea Uganda mwaka 1972 yalianza kwa hotuba ndani ya kambi, yakaendelea kwa vizuizi vya barabarani ambako watu wenye haki zao walivuliwa saa na pete wakielekea uwanja wa ndege. Askari aliyekuwa kwenye kizuizi alifikiri anaikomboa nchi yake. Hasira ya kijana asiye na kazi ni ya haki, lakini kumpiga au kumnyang'anya fundi wa kigeni hakumpi kijana huyo kazi. Kijana huyo anahitaji chuo chenye mashine zinazofanya kazi, mwajiri anayetimiza mkataba wake, na Serikali inayohesabu miaka.

Wahenga walisema pia kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni wa kazi za ufundi, jembe hilo ni mwanagenzi wa Kiafrika aliyesimama kando yake tangu siku ya kwanza, akiwa na daftari mkononi na ruhusa ya kushika chombo. Siku mgeni huyo atakapofunga mizigo yake, jambo la kuuliza ni moja: kesho asubuhi mtambo utawashwa na nani?